Fundo la Njia ya Minazi

Mimi Mwantum sipendi mtu anayeuliza njia kisha akabishana na jibu. Shemeji yangu Hemedy, mdogo wake mume wangu, ni wa namna hiyo. Kazaliwa hapa hapa Kitapi, katambaa humu humu, lakini siku aliyorudi kutoka Dar na mabuti ya kupandia mlima alianza kutuuliza habari za njia zetu utadhani sisi wengine tulikuwa tunaruka.

Kitapi ni kitongoji cha minazi. Tuko juu ya kilima, upande wa Mahege, na chini yetu kuna bonde linalokwenda kujichanganya na mikoko ya huko Mbuchi. Bondeni kuna mpunga, kuna mikorosho, na katikati kuna minazi ambayo wanaume wetu wanaigema tembo, ile pombe ya mnazi. Mume wangu Mfaume ni mgema. Najua mtauliza Mwislamu gani anagema tembo. Ulizeni. Yeye mwenyewe hanywi, swala haimpiti, na hao wanaouliza sana ndio wanaokuja jioni na vidumu.

Basi Hemedy akaja na maneno yake. Wazungu, anasema, wanapenda kutembea kwa miguu. Hawana pa kwenda, wanatembea tu. Sisi tuna njia nzuri, hatuzitumii kwa akili. Tuzipe majina, tuziwekee vibao, mgeni ashuke mpungani, apite mikoroshoni, afike minazini aonje tembo la asubuhi, apige picha, alale Kibiti. Akampata na wa kumwamini, Nazia, dada wa Kihindi mwenye nyumba ya wageni pale Kibiti. Nazia hana maringo. Babu yake aliwauzia babu zetu chumvi na mafuta ya taa, na Kindengereko anakisikia kuliko watoto wangu. Vibao vikachongwa, vikapakwa rangi nyeupe, vikaandikwa: Njia ya Mpunga. Njia ya Korosho. Njia ya Minazi.

Kazi ya kuwatembeza wageni akapewa binti yangu Shamsia. Alikuwa kamaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, tunazozana naye kuhusu simu tangu asubuhi mpaka usiku. Kiingereza anakijua. Walimpa fulana ya kijani yenye picha ya mnazi, akaifua siku hiyo hiyo na kuianika pasipo na kuku. Nisiwe mwongo, na mimi nilifurahi.

Tatizo lilikuwa moja. Njia ya Minazi ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni mume wangu.

Kwetu njia haifungwi kwa geti. Mtu akiona mnyama wa hatari mahali watu wanapopita, anachuma ukuti mbichi, anaukatisha njiani usawa wa kifua, mti huu mpaka mti ule, na katikati anapiga fundo. Anafanya hivyo pande zote mbili, panapoingiliwa na panapotokewa. Ukiliona fundo huulizi, unageuka. Na aliyefunga ndiye anayefungua. Hafungui hivi hivi. Anakwenda alfajiri, na alfajiri nyingine, anatazama tope, mpaka aone limelala, halina unyayo mpya. Kama hawezi mwenyewe, kwa ugonjwa au safari, atamtuma mtu anayelala chini ya paa lake, mke au mtoto. Si kaka, si rafiki, wala si mwenyekiti wa kitongoji. Wazee walisema anayelala nawe paa moja atapita pale pale kesho, kwa hiyo atatazama kweli. Ndiyo maana kwetu njia ambayo fundo lake limeondolewa mtu anaipita na macho yake kayafumba. Fundo kuondoka ni neno la mtu.

Mfaume alifunga baada ya kumwona kiboko jike na ndama wake kwenye bwawa la chini, pale njia inapopita ukingoni kabisa. Kiboko peke yake ni shida. Kiboko mwenye mtoto, usimwombee hata adui yako akutane naye. Alifunga huku juu kwetu, akashuka kwa kuzunguka akafunga na kule barabarani, penye mkorosho mkubwa. Aliporudi alikuwa ameshika tumbo. Ngiri yake ya siku zote ilikuwa imembana, na safari hii haikumwachia. Tukampeleka hospitali Mchukwi, wakampasua, wakamlaza.

Kila akipiga simu, salamu ilikuwa fupi.

"Mama Shamsia, fundo lipo?"

"Lipo, baba Shamsia. Wewe pona kwanza."

"Katazame tope. Likilala, nifungulie. Mimi nikiruhusiwa sitaki kuletwa na ile barabara ya mashimo. Mshono huu utafumuka."

Nilikwenda kutazama. Nilikuta nyayo kubwa kama vifuniko vya sufuria, na pembeni yake ndogo ndogo, zimejaa maji. Nikarudi zangu. Nikampigia nikamwambia bado. Akasema sawa, maji yakipungua atahama mwenyewe, wewe endelea kutazama, mimi nakusikiliza wewe.

Hemedy alikuja nyumbani siku ya Alhamisi, akakaa kwenye kigoda cha kaka yake bila kukaribishwa.

"Shemeji, Jumamosi nina wageni. Ile njia naihitaji."

"Njia zipo tele. Wapeleke mikoroshoni."

"Wanataka minazi. Tembo wanalitaka palepale linapogemwa. Na mimi nimepita mwenyewe jana adhuhuri, pakavu, patulivu, hakuna hata chura."

"Adhuhuri kiboko yuko chini ya maji, shemeji. Umekulia wapi wewe?"

Akacheka kile kicheko chake cha mjini. "Mimi ni damu yake kaka. Nikifungua mimi kafungua yeye."

"Wewe ni damu yake, lakini hulali kwake. Fundo lile usiliguse."

Akasema amenisikia. Hemedy husema amenisikia hata akiwa hajaniangalia. Nikamgeukia Shamsia, nikamwambia mbele yake, wewe Jumamosi utapita njia ya Korosho, ukithubutu kwenda bondeni hiyo fulana nitaifanya dekio. Mtoto akaitikia. Roho yangu lakini haikutulia, na usiku nilikaa naisikia ile sauti kutoka bwawani, ile ya kukoroma kama mtu anayecheka ndani ya pipa. Mtu wa kwetu akiisikia hulala. Mimi sikulala.

Jumamosi asubuhi nilikaanga maandazi, nikamaliza, nikachukua panga nikatafute kuni. Kuni za karibu ziko kule juu njia ya Minazi inapotokea. Nilipofika nikaona njia iko wazi. Nilidhani nimekosea mahali. Nikatazama mti huu, nikatazama mti ule. Kile kipande cha ukuti kilikuwa kimetupwa majanini, kimekatwa kwa kisu, na fundo la mume wangu bado limo katikati, halijaguswa. Hakuwa hata na adabu ya kulifungua. Kando yake kimesimama kibao kipya, rangi haijakauka vizuri, mshale unaelekea bondeni.

Kisha nikasikia, mbali, chini kabisa, mtu anacheka. Nilikijua kicheko hicho kabla hakijamalizika. Ni cha mwanangu.

Niliingia. Sijui niliwaza nini, nadhani sikuwaza. Njia ile naijua tangu nikiwa mwari, lakini asubuhi ile ilikuwa kimya, hata ndege hawakuwepo. Majani ya pembeni yamelala upande mmoja. Vichaka vimerushiwa kinyesi, kibichi, kinanuka. Nilipokaribia bwawa nikatembea kwa vidole, panga mkononi, na panga lenyewe la nini mbele ya mnyama yule. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Katikati yake vipovu vilipanda, vikapasuka, vikapanda tena mbele kidogo, upande ule niliokuwa naelekea mimi. Nikasimama. Vipovu vikasimama. Nikasoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazichanganya. Kisha nikapita, na mgongoni nikasikia pumzi inatolewa, ndefu, kama ya mtu aliyechoka kusubiri. Sikugeuka.

Niliwakuta minazini. Mzungu mzee na mkewe wamekaa kwenye gogo, vikombe vya tembo mkononi, nyuso nyekundu. Nazia kasimama na mwavuli wake. Shamsia na fulana yake ya kijani anaeleza jinsi mgema anavyokata kilele cha ua. Hemedy aliponiona uso ulimbadilika, halafu haraka akauweka sawa.

"Karibu shemeji, umekuja kutuonyesha ngoma?"

Nilimshika Shamsia mkono. "Nilikwambia nini?"

"Mama, ba'mdogo kasema baba kamruhusu. Kasema kaongea naye kwa simu."

"Simu ya baba yako imezimika tangu jana, nimeipigia mpaka nimechoka. Kaongea naye kwa simu gani?"

Yule bibi wa Kizungu akanipiga picha, panga na yote. Nazia akafunga mwavuli wake.

"Dada Mwantum, kuna nini?"

"Mila tu hizo, dada Nazia," akadakia Hemedy. "Mambo ya kina mama."

"Sikukuuliza wewe, Hemedy."

Nikamweleza. Kiboko, ndama, fundo, nyayo, pumzi niliyoisikia. Nazia akaweka mwavuli chini. Huyo mwanamke ana akili, nasema mpaka leo. Akawaambia wageni wake maneno mawili kwa Kiingereza, wakasimama mara moja, tembo likamwagika, na mimi nikawatoa wote kwa kukatisha mashamba ya mihogo, kupanda moja kwa moja juu, mbali na maji. Mzee wa Kizungu alitweta mpaka nikamwonea huruma. Tukafika kitongojini wazima wote. Gari la Nazia likazungushwa na barabara, likaja kuwachukua.

Nilichuma ukuti mbichi nikafunga tena huku juu. Kisha nikamfuata Hemedy, anapakia viti garini na mdomo umemvimba.

"Shemeji, kule barabarani penye mkorosho ulikata na huko?"

"Nilikata."

"Karudishe sasa hivi. Unapita na gari hapo hapo, shuka, funga. Umeona, unaruhusiwa kufunga."

"Mimi sijaona kitu."

"Basi funga kwa macho yangu. Hemedy, nakuomba. Watu watapita wakidhani tope limelala."

"Nimekusikia, shemeji," akasema, akafunga mlango wa gari.

Mchana ule nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilimgombeza Shamsia mpaka akalia, na alipolia nikalia na mimi, kisha tukaanza kucheka. Akaniambia picha yangu na panga itafika Ulaya kabla sijafika Dar. Nikamwambia angalau wataona mama yako hana mchezo. Tukapika wali wa nazi na kambale, ingawa haikuwa sikukuu. Kila nikimtazama alivyoinama kupuliza moto, mgongo mzima, mikono mizima, nilikuwa nasema alhamdulillah kimoyomoyo. Simu ya Mfaume nilijaribu tena, haikupatikana. Nikasema si neno, Jumatatu anaruhusiwa, nitamhadithia yote akiwa amelala kwenye mkeka wake.

Alasiri ikaenda, jua likakaa juu ya minazi. Nilikuwa nafagia uwanja niliposikia pikipiki. Ni Ukasha, kijana wetu wa bodaboda, anayesubiri abiria Kibiti. Nyuma ya pikipiki kafunga begi kwa mpira. Begi la kijivu lenye zipu mbovu. Nililijua, kwa sababu zipu hiyo niliishona mimi.

"Hodi mama. Nimechelewa kidogo, nilipita kumshusha mtu Mahege. Mzee kapumzika?"

"Mzee yupi?"

Akanitazama, akatazama mlango. "Mzee Mfaume. Wamemruhusu leo mapema. Nimemtoa Mchukwi mimi mwenyewe. Hajafika?"

Fagio likanidondoka. Shamsia akatoka jikoni, kasimama na mwiko.

"Umemwacha wapi, Ukasha?"

"Pale penye mkorosho. Njia ilikuwa inamuumiza, kila shimo anaguna, kashika tumbo. Tulipofika pale akaniambia simama. Akaangalia ile njia yenu ya minazini, akacheka, akasema unaona, halipo. Mama Shamsia kanifungulia. Akasema niletee begi, mimi nitatembea polepole, nitafika kabla yako."

Bondeni ile sauti ikaanza, ya kukoroma, lakini haikuwa ya kucheka. Ilikuwa fupi na ya hasira, mara mbili, kisha ikanyamaza.

Nilimwambia Shamsia akae na begi, asitoke hata nikimwita. Ukasha akanibeba kwa pikipiki, tukazunguka na barabara, mashimo na yote, nikamwambia asiyaogope mashimo. Nyuma yetu wanaume walikuwa wanatoka na madebe na mienge. Hemedy nilimwona njiani anarudi kutoka Kibiti, kwa miguu, na yale mabuti yake, anasalimia kwa mkono. Sikumrudishia salamu.

Tulimkuta penye mkorosho. Hakuwa bondeni. Aliingia, nadhani, akafika ukingoni mwa bwawa, akaliona tope halijalala. Angeweza kukaa barabarani akasubiri mtu. Lakini mume wangu alijua kwamba njia iko wazi na kwamba wengine watapita, na alidhani mke wake au binti yake ndiye aliyeifungua kimakosa. Basi aligeuka, na mshono wake, akarudi taratibu mpaka mlangoni mwa njia, akachuma ukuti, akaanza kufunga. Jua lilikuwa linazama na kiboko alikuwa anatoka majini kwenda malishoni, na Mfaume alikuwa amesimama katikati ya njia yake, kampa mgongo.

Ukuti ulikuwa umefungwa mti wa kwanza, vizuri, kama anavyofunga yeye. Upande wa pili alikuwa ameushika mkononi.

Sikupiga kelele. Watu wananisema hilo mpaka leo, eti Mwantum moyo wake mgumu. Nilimfunika kwa kanga yangu, nikaukunjua mkono wake kidole kwa kidole, nikaupeleka ule ukuti kwenye mti wa pili, nikapiga fundo katikati. Hemedy alikuwa amegeuka akatufuata, amefika. Alikaa chini barabarani, akavua mabuti, akalia kama mtoto, ananiita shemeji, shemeji. Nilimwambia jambo moja tu. Nilimwambia kaka yako amekufa akidhani ni mimi niliyefungua.

Vibao Nazia aliviondoa wiki ile ile, akaja msibani, akakaa chini na sisi siku zote za tanga. Shamsia fulana ile haivai. Kiboko alihama masika yalipokwisha, tope likalala, likapasuka kwa ukavu. Nilikwenda kulitazama alfajiri nyingi, kama alivyoniambia.

Hemedy huja kuniuliza kama sasa njia inaweza kufunguliwa, maana wagema wanazunguka mbali na tembo linawaharibikia. Huuliza kwa adabu siku hizi, huku amesimama mlangoni, kigoda hakigusi. Namjibu kwamba aliyefunga ndiye anayefungua, na kwamba anayelala chini ya paa lake ni mimi, na mimi bado sijamaliza kutazama. Anasema amenisikia. Kisha anageuka, anashika barabara ile ndefu, na mashimo yake yote.